Pale Kinga ya Mwili Inapolishambulia Jicho la Mtoto

Januari 2024 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa macho mekundu jijini Dar es Salaam, na kwa wiki kadhaa kila mtu akajua la kufanya: nawa mikono, msichangie taulo, usitie dawa usiyoandikiwa. Ugonjwa ule uliletwa na virusi, ukaenea kwa kuambukizana, ukapita. Lakini milipuko ya namna hiyo huacha imani moja vichwani mwa watu, kwamba jicho linaloumwa ni jicho jekundu, na kwamba jicho jekundu lina mdudu. Kwa wagonjwa wengi imani hiyo haina madhara. Kwa kundi moja la watoto ina hatari kubwa, kwa sababu macho yao hayana mdudu wowote, na mara nyingi wala si mekundu.

Hawa ni watoto ambao kinga ya mwili wao, iliyowekwa kupambana na vijidudu, imeligeukia jicho lenyewe. Magonjwa yao yana majina mengi, ila tiba yao yote inazunguka tatizo moja. Dawa inayotuliza mcharuko wa jicho upesi kuliko zote ni steroidi, na steroidi hiyohiyo ikitumika kwa miezi huleta mtoto wa jicho na presha ya macho. Mtoto anaweza kupofuka kwa kuikosa, na anaweza kupofuka kwa kuizoea. Kwa hiyo tiba nzuri ya magonjwa haya, kwa maoni yangu, huanza na swali ambalo katika vituo vyetu vingi haliulizwi siku ya kwanza: mtoto huyu atatoka lini kwenye steroidi, kwa njia gani, na nani atakuwa anamtazama?

Nianze na ugonjwa unaoonekana zaidi. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi amewahi kuwa na mwanafunzi anayefikicha macho tangu kipindi cha kwanza. Weupe wa macho yake umekuwa wa kahawia, ute mzito unamtoka, jua la mchana linamtesa hadi anatembea akiwa ameinamisha kichwa. Hii ni aleji kali ya macho ya utotoni, inayowapata wavulana zaidi ya wasichana. Kwa kawaida huanza kabla ya miaka 10 na wengi huwaacha wanapobalehe. Katika Afrika mara nyingi hukaa kwenye ukingo pale weupe wa jicho unapokutana na kioo chake, na kuota vinundu vinavyong'aa. Uchunguzi uliofanywa katika shule za Rwanda uliwakuta na ugonjwa huu watoto takriban 4 kati ya kila 100. Darasa moja la wanafunzi 50, wawili.

Mtoto huyu hufikia duka la dawa kabla ya kufikia hospitali. Muuzaji anamtazama, anatoa kichupa, anasema, "Mama Juma, mtilie hii mara tatu kwa siku, keshokutwa utaona." Na kweli, keshokutwa macho yametulia, muwasho umekwisha, mtoto analala. Ndani ya kichupa mara nyingi kuna deksamethasoni, steroidi yenye nguvu, iliyochanganywa na antibiotiki ambayo kwa mtoto huyu haina kazi yoyote. Mwezi unaofuata muwasho unarudi, kichupa kinanunuliwa tena. Hakuna aliyemlaghai mwenzake hapo: muuzaji ametoa kitu kinachofanya kazi, mama ameona kinafanya kazi, mtoto amepata nafuu. Kisichoonekana ni shinikizo la maji ndani ya jicho, ambalo kwa kawaida liko kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, na ambalo kwa baadhi ya watoto hupanda kwa sababu ya matone hayo bila maumivu yoyote. Mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo hufa kidogokidogo kuanzia pembezoni mwa uoni. Mtoto anaendelea kusoma ubao. Siku anapoanza kujigonga kwenye viti, sehemu kubwa ya mshipa huo imekwisha kufa, na haurudi.

Kinachouma zaidi ni kwamba njia nyingine ipo. Matone ya kuzuia aleji, kama vile sodiamu kromoglikati au olopatadini, yakitumika kila siku hata kabla muwasho haujapanda, huwatosha watoto wengi wenye ugonjwa wa kadiri. Kitambaa cha maji baridi kinasaidia. Kofia yenye ukingo inasaidia. Mtoto akizidiwa hupewa steroidi kwa wiki chache zenye mwisho unaojulikana, presha ya jicho ikipimwa. Na kwa wale wasioweza kuiacha steroidi, kuna matone ya siklosporini, dawa inayotuliza kinga bila kupandisha presha. Jaribio lililofanyika Rwanda, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2012, liliwagawa watoto na vijana 366 kati ya siklosporini na deksamethasoni. Nafuu ikawa karibu sawa, isipokuwa siklosporini iliwasha zaidi inapotiwa. Jibu hilo lilipatikana hapahapa kwetu, kwa watoto wetu. Ulaya iliidhinisha rasmi matone ya siklosporini kwa ugonjwa huu mwaka 2018 na Marekani mwaka 2021. Kuyapata kwenye duka la dawa la mkoani ni jambo jingine, na hapo ndipo ningependa kuona nguvu ya wizara zetu: kichupa cha deksamethasoni kisitolewe bila cheti cha daktari, na mbadala wake uwepo kwenye rafu.

Aleji, hata hivyo, angalau hujitangaza. Ugonjwa mgumu zaidi ni ule unaokaa ndani.

Kati ya weupe wa jicho na retina kuna tabaka lenye mishipa mingi ya damu. Mbele linaonekana kama duara la rangi linalozunguka mboni, nyuma linalisha retina. Tabaka hilo huitwa uvea, na mcharuko wake huitwa uveitisi. Watoto ni wachache kati ya wagonjwa wote wa uveitisi, kati ya 5 na 10 katika kila 100, lakini kwao ugonjwa huchelewa kugundulika na huacha madhara makubwa kuliko kwa watu wazima. Sababu zisizo za maambukizi ni kadhaa. Kuna sarkoidosisi, na ndugu yake wa kurithi aitwaye ugonjwa wa Blau, unaomjia mtoto mdogo kwa upele, viungo vilivyovimba na macho. Kuna ugonjwa wa Vogt-Koyanagi-Harada, unaowapata zaidi watu wenye rangi ya ngozi iliyokolea, ambao huweza kuleta pia mvumo masikioni na mabaka meupe kwenye ngozi. Kuna uveitisi inayoandamana na ugonjwa wa figo, ambayo hugundulika kwa kupima mkojo. Kuna ugonjwa wa Behçet. Na kuna watoto wengi ambao sababu haipatikani kabisa. Lakini ugonjwa uliofundisha dunia namna ya kutibu ni uveitisi inayoandamana na baridi yabisi ya utotoni, na huo ndio nitakaoukalia.

Mwaka 1897 daktari George Frederic Still wa London aliandika kwa kirefu juu ya watoto wenye viungo vilivyovimba bila sababu iliyojulikana. Mwaka 1910 Mjerumani Johannes Ohm akaunganisha viungo hivyo na macho. Leo tunasema ni baridi yabisi ya utotoni iwapo kiungo kimevimba kwa wiki 6 au zaidi kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 16, na sababu nyingine zimetafutwa zikakosekana. Katika kila watoto 100 wenye ugonjwa huo, kati ya 10 na 20 hupata uveitisi. Walio hatarini zaidi wanajulikana: ugonjwa wa viungo ulianza kabla ya miaka 7, viungo vilivyoshikwa ni vichache, na damu ina kingamwili ziitwazo ANA. Wengi wao ni wasichana.

Goti la mtoto wa miaka 3 linavimba. Asubuhi anachechemea, mchana anakimbia na wenzake. Nyumbani wanasema ameanguka; bibi anashauri akandwe na maji ya moto; zahanati inatoa dawa ya maumivu. Goti halimuumi sana, na hilo linamwondolea kila mtu wasiwasi. Wakati huohuo, au mwaka mmoja baadaye, jicho lake linacharuka polepole. Halina wekundu, halitoi machozi, halimuumi. Mtoto wa umri huo hajui kwamba dunia inatakiwa kuonekana safi zaidi ya anavyoiona, na jicho moja likipungua lingine linabeba kazi. Familia hugundua pale inapoona mstari mweupe umepita mbele ya jicho, au mboni imepoteza uduara wake, au jicho limeanza kwenda upande. Hayo yote ni makovu. Mstari ule ni chumvi ya kalsiamu iliyojikusanya kwenye kioo cha jicho. Mboni imeharibika kwa sababu duara la rangi limenata kwenye lenzi iliyo nyuma yake.

Ugonjwa huu kabla ya makovu huonekana kwa chombo kimoja tu, ile hadubini ya kliniki ya macho yenye sehemu ya kuwekea kidevu na mwanga mwembamba. Mtoto mdogo hupiga magoti juu ya kiti au hukaa mapajani mwa mama yake, muuguzi anamshika kichwa kwa upole, daktari anazima taa ya chumba na kuupunguza mwanga hadi uwe mraba wa milimita 1 kwa milimita 1. Kisha anautazama ukipita kwenye maji yaliyo kati ya kioo na duara la rangi. Jicho zima lina maji yasiyo na kitu. Jicho lenye mcharuko lina chembe nyeupe za damu zinazopanda na kushuka, mfano wa vumbi linaloonekana kwenye mwale wa jua uliopenya tundu la bati. Daktari anazihesabu. Kwa kipimo kilichokubaliwa kimataifa mwaka 2005, chembe 1 hadi 5 ni nusu daraja, 6 hadi 15 ni daraja la 1, na kadhalika hadi daraja la 4, zinapozidi 50. Hesabu hiyo ya sekunde chache ndiyo inayoamua kila kitu: kuongeza dawa, kupunguza, kubadilisha. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kuchukua nafasi yake, na mtoto hawezi kuisema kwa mdomo wake.

Ndiyo maana miongozo ya Marekani ya mwaka 2019 inataka mtoto wa kundi la hatari apimwe hivyo kila baada ya miezi 3 katika miaka 4 ya kwanza ya ugonjwa wa viungo, hata kama macho yake hayana dalili yoyote. Wengine hupimwa kila miezi 6 hadi 12. Nimewahi kusikia hoja kwamba ratiba hiyo ni ya Wazungu, kwa kuwa taarifa za Afrika Kusini zinaonyesha aina hii ya baridi yabisi yenye ANA ni chache kwa watoto Waafrika kuliko kule Ulaya ya kaskazini. Tofauti hiyo ni ya kweli na ina mizizi katika urithi wa vinasaba. Lakini uchache haumsaidii mtoto aliyenao, na mahali ambapo macho ya watoto wenye magoti yaliyovimba hayapimwi, uchache huo unaweza kuwa ni wa daftari zaidi kuliko wa ugonjwa.

Kabla ya kutibu, kuna kazi ambayo katika Afrika Mashariki haina njia ya mkato. Neno "isiyo ya maambukizi" linapaswa kuthibitishwa. Kifua kikuu huweza kuingia machoni na kufanana na karibu kila aina ya uveitisi. Kaswende ya kuzaliwa nayo, toksoplazma, minyoo ya mbwa na virusi vya malengelenge hufanya vivyo hivyo, na VVU hubadilisha sura ya yote hayo. Saratani nazo hujifanya mcharuko: saratani ya retina kwa mtoto mdogo na saratani ya damu kwa yeyote. Mboni inayong'aa nyeupe isihesabiwe kuwa mcharuko hadi saratani iondolewe. Kumpa steroidi mtoto mwenye kifua kikuu cha jicho bila kutibu kifua kikuu chenyewe ni kuulea ugonjwa.

Mambo hayo yakishaondolewa, tiba huanza na matone ya steroidi, prednisoloni asetati ya asilimia 1, wakati mwingine kila saa, pamoja na matone ya kupanua mboni, atropini au siklopentoleti, ili duara la rangi lisinate. Yote hayo yako katika hospitali nyingi za rufaa na si ya gharama kubwa. Matokeo yake bado yanashangaza, zaidi ya miaka 70 tangu Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic walipompa mgonjwa wa baridi yabisi kotisoni kwa mara ya kwanza mwaka 1948 na kupata Tuzo ya Nobel miaka 2 baadaye. Kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa akisubiri upofu.

Ila hapo ndipo mtego ulipo. Matone yakipunguzwa, chembe zinarudi, yakiongezwa, zinatoweka. Mzazi na daktari wanaweza kuishi ndani ya duara hilo mwaka mzima wakiamini ugonjwa umedhibitiwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watoto wenye baridi yabisi na uveitisi, ukaona kwamba waliotumia matone 3 au pungufu kwa siku walipata mtoto wa jicho kwa kiwango kidogo sana kikilinganishwa na waliozidisha hapo. Kutokana na ushahidi wa aina hiyo, miongozo imeweka mstari: mtoto akiwa bado anahitaji tone 1 au 2 kila siku baada ya miezi 3, ugonjwa haujatulia, na ni wakati wa dawa inayotuliza kinga ya mwili mzima. Na mwenye makovu tayari asisubiri hata miezi hiyo.

Dawa ya kwanza ya kundi hilo ni methotrekseti. Dozi yake hupigwa kwa eneo la ngozi, miligramu 10 hadi 15 kwa kila mita ya mraba. Mtoto wa miaka 5 mwenye urefu wa sentimita 108 na uzito wa kilo 18 ana ngozi ya takriban mita za mraba 0.73, humtosha miligramu 10, yaani vidonge 4 vya miligramu 2.5. Mara moja kwa wiki. Hilo la mara moja kwa wiki lazima lisemwe, liandikwe kwenye cheti kwa jina la siku, na mama arudie kwa kinywa chake kabla hajatoka, kwa sababu dawa hii ikimezwa kila siku inaua: uboho huacha kutengeneza damu. Familia nyingi huchagua Ijumaa jioni, ili kichefuchefu kikija kimkute mtoto nyumbani siku ya Jumamosi. Asidi ya foliki hupunguza kero hiyo. Baadhi ya watoto hufikia kutapika kwa kukiona tu kidonge, na hao hufaa kuhamishiwa sindano ya chini ya ngozi. Damu na ini hupimwa kila baada ya miezi michache. Msichana aliyevunja ungo aelezwe waziwazi kwamba dawa hii huharibu mimba.

Methotrekseti haina haraka. Inaweza kuchukua miezi 3 kabla ya kuonyesha kazi, na katika muda huo steroidi ndiyo inayoshikilia jicho. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba watoto takriban 7 kati ya 10 hupata nafuu. Wachache waliobaki ndio walioifanya dunia itafute dawa nyingine, na katika kutafuta huko kuna somo moja ambalo nadhani lingefaa kujulikana zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuja dawa za kibayolojia zinazozuia TNF, kemikali inayochochea mcharuko. Ya kwanza kwa watoto, etanersepti, ilifanya maajabu kwenye viungo. Kwenye macho haikufanya lolote la maana. Jaribio dogo la mwaka 2005 halikuiona ikipita sindano isiyo na dawa. Viungo vinaweza kupona mtoto akiwa anaendelea kupofuka, na daktari anayetazama magoti peke yake angempongeza.

Adalimumabu, inayozuia TNF kwa njia nyingine, ikaleta jibu tofauti. Jaribio la Uingereza liitwalo SYCAMORE, lililochapishwa mwaka 2017, liliwachukua watoto 90 ambao uveitisi yao ilikuwa imekataa kutulia kwa methotrekseti. Wote waliendelea na methotrekseti. 60 wakaongezewa adalimumabu na 30 sindano isiyo na dawa. Tiba ilishindwa kwa 16 kati ya wale 60, na kwa 18 kati ya wale 30. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa mapema, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Dozi ni miligramu 20 kwa mtoto wa chini ya kilo 30 na 40 kwa mzito zaidi, kila wiki 2. Ikishindikana kuna infliksimabu kwa dripu, na tosilizumabu, hasa pale retina inapojaa maji.

Sasa turudi nyumbani. Dawa hizi zinafungua mlango wa kifua kikuu kilicholala, nasi tunaishi na kifua kikuu. Mtoto lazima apimwe kabla, na kipimo cha ngozi kinaweza kudanganya kwa sababu karibu kila mtoto wetu amechanjwa BCG alipozaliwa. Hapo picha ya kifua na historia ya nani anakohoa nyumbani huwa na uzito mkubwa kuliko uvimbe wa kipimo hicho mkononi. Chanjo zenye virusi hai, kama ya surua na rubela, hazitolewi mtoto akiwa kwenye sindano hizi, hivyo kadi ya kliniki itazamwe mapema. Sindano yenyewe inataka nyuzi joto 2 hadi 8. Familia isiyo na jokofu inaweza kuiweka kwenye jokofu la kituo cha afya, panapo chanjo, wakikubaliana. Bei ndiyo ukuta. Imeshuka tangu India ianze kutengeneza nakala ya adalimumabu mwaka 2014, na tangu hataza ya Ulaya iishe mwaka 2018, lakini kwa mzazi anayelipa kutoka mfukoni sindano 2 kila mwezi kwa miaka bado ni mzigo usiobebeka.

Ukuta huo umetufanya tukate tamaa mahali pasipostahili. Nimesikia madaktari wakisema uveitisi ya watoto haitibiki kwetu kwa kuwa hatuna dawa za kibayolojia. Wanasahau methotrekseti. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu za watoto ya Shirika la Afya Duniani, iko kwenye wodi zetu za saratani, bei yake ni ndogo, na watoto wengi hutosheka nayo. Kinachokosekana ni mtu wa kuiandika. Daktari wa macho anaiogopa kwa sababu hajazoea kufuatilia ini na chembe za damu. Mabingwa wa baridi yabisi ya watoto katika Afrika Mashariki wanahesabika kwa vidole, wengi wao wakiwa katika miji mikuu. Lakini daktari wa watoto anayetibu saratani ya damu anaijua methotrekseti kuliko wote, kwa dozi kubwa mara nyingi zaidi. Katika hospitali kama KCMC ya Moshi, ambako kliniki ya macho na wodi ya watoto ziko chini ya paa moja la taasisi, watu wawili wanaohitajika tayari wapo. Daktari wa macho ahesabu chembe, daktari wa watoto asimamie kidonge, na faili liwe moja. Mpango huo hauhitaji jengo wala mfadhili. Unahitaji madaktari wawili wapeane namba za simu.

Upande wa pili wa mpango ni daktari wa kituo cha chini. Hatarajiwi kuwa na hadubini. Anatarajiwa, akimwona mtoto mwenye kiungo kilichovimba kwa zaidi ya wiki 6, aandike rufaa ya macho siku hiyohiyo na kumweleza mama kwa nini. Maelezo hayo ni muhimu kuliko karatasi. Mama atafunga safari ya basi, atakosa siku ya biashara, atapanga foleni na mtoto ambaye macho yake yanang'aa kwa uzima, na mtu nyumbani atamuuliza anampeleka kwa ugonjwa gani. Asipokuwa na jibu, hatarudi baada ya miezi 3.

Kwa waliochelewa kuna upasuaji, na hapa subira ni dawa. Mtoto wa jicho katika jicho lenye mcharuko akitolewa haraka, mcharuko unalipuka na jicho linaweza kusinyaa. Wataalamu wengi hutaka jicho liwe limetulia walau miezi 3 kwanza, na kinga itulizwe kwa methotrekseti au zaidi kabla na baada ya upasuaji. Kwa mtoto mdogo kuna saa nyingine inayokimbia: ubongo usiopata picha safi katika miaka ya mwanzo, hadi takriban 7 au 8, huacha kulitumia jicho hilo, na baada ya hapo hata lenzi nzuri haimrejeshei uoni wote. Kuzibana saa hizo mbili ni uamuzi mgumu kuliko kisu chenyewe, na ndiyo maana mtoto huyu apelekwe kwa daktari wa macho ya watoto, kama walioko hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam.

Limebaki swali la kuacha dawa, ambalo wazazi huliuliza mapema kuliko yote. Miongozo inasema jicho litulie kwa dawa hizo walau miaka 2 bila kuhitaji matone, ndipo zipunguzwe taratibu. Utafiti wa kimataifa uitwao ADJUST uliligusa jambo hili moja kwa moja: watoto na vijana waliotulia kwa adalimumabu kwa mwaka au zaidi waligawanywa, wengine wakaendelea na wengine wakaachishwa bila kujua. Kati ya walioachishwa, ugonjwa ulirudi kwa takriban theluthi mbili. Kati ya walioendelea, kwa takriban mmoja kati ya 7. Wapo basi wanaoweza kuacha, ingawa hakuna kipimo kinachowatambua kabla. Waliorudiwa na ugonjwa walirudishiwa dawa na kutulia tena, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekuwa akiwatazama. Mtoto aliyeacha matone aonekane kwenye hadubini ndani ya mwezi 1. Aliyeacha methotrekseti au sindano aonekane ndani ya miezi 2, na aendelee kuonekana baada ya hapo, hata akiwa na miaka 14, hana dalili yoyote, na anasema amechoka na hospitali.